Je, Wajua? Boriti za Gundi Chini ya Jua la Kisumu

Je, wajua kuwa boriti inaweza kuwa ndefu kuliko mti uliozaa mbao zake? Kiwandani, sehemu zenye vifundo hukatwa na kutupwa, ncha za vipande vilivyobaki huchongwa meno ili ziumane, kisha mbao hupangwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi na kubanwa hadi zishikane. Nyuzi za tabaka zote hufuata urefu wa boriti. Kwenye plaiwudi si hivyo: kila ganda hulazwa likikingama na la chini yake. Mjerumani Otto Hetzer wa Weimar alipata hataza ya boriti za tabaka zilizopindwa mwaka 1906.

Gundi yake ilitokana na maziwa. Kaseini hukauka ikawa ngumu kama mfupa, lakini ikipata unyevu wa muda mrefu hulegea na kuota ukungu, ndiyo maana boriti za zama zile zilikaa chini ya paa. Ndege ya kivita ya Uingereza, Mosquito, iliyoundwa kwa mbao, nayo ilianza kwa kaseini kabla ya kuhamia gundi za kemikali. Hata baada ya kuhama, mwishoni mwa 1944 Mosquito zilizokuwa India zilizuiwa kuruka ili zikaguliwe, kwa kuwa maungio ya mbawa za baadhi yao yalikuwa yamefumuka. Gundi ya resosinoli, iliyoenea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo iliyoiruhusu boriti ya tabaka kutoka nje na kunyeshewa.

Unaweza kuitambua gundi hiyo kwa macho. Itazame boriti upande wa ncha iliyokatwa: mistari ya gundi yenye rangi ya kahawia iliyokolea kwa kawaida ni resosinoli. Mistari myeupe au isiyoonekana haitoshi kukupa jibu. Huenda ni melamini au poliyurethani iliyopimwa kwa matumizi ya nje, na huenda ni gundi nyeupe ya kawaida ya useremala, ambayo haifai kabisa kubeba paa la veranda. Hapo dai karatasi ya kiwanda kabla hujatoa pesa.

Je, wajua kuwa kuvu haiwezi kula mbao kavu? Inahitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao yenyewe. Mbao iliyo chini ya paa na kupitiwa na upepo mjini Kisumu hukaa chini ya kiwango hicho, ziwa liwe karibu namna gani. Shida iko kwenye kupokezana kwa jua na mvua. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu na kukutana na miinuko ya Nandi, mawingu yakajengeka, na alasiri mvua ya radi ikamwagika juu ya mbao zilizochomwa na jua tangu asubuhi. Ngozi ya boriti hutanuka huku moyo wake ukiwa bado mkavu. Kesho yake ngozi hiyo husinyaa. Miezi ikipita nyufa hufunguka, maji yakapata pa kujificha. Tena Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, hivyo jua la mchana hupiga kutoka kaskazini mwezi Juni na kutoka kusini mwezi Desemba. Paa linalofunika upande mmoja tu wa boriti limefanya nusu ya kazi.

Mahali pabaya zaidi ni ncha. Mbao hunywa maji kwa ncha zake haraka mara nyingi kuliko kwa ubavu, kwa sababu ndiko mishipa ya mti ilikokatwa. Pagola za mitaa kama Milimani na Riat, zenye vichwa vya boriti vilivyochongwa na kutokezwa nje kwa urembo, huweka wazi sehemu ile ile iliyo dhaifu. Kofia ya bati juu ya kila kichwa ni gharama ndogo mno.

Plaiwudi ya majini nayo haikingi dhidi ya kuoza. Jina hilo linahusu gundi na ubora wa maganda. Mbao ya ndani, isipotiwa dawa, huoza na huliwa na mchwa kama nyingine yoyote.

Je, wajua kuwa Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo kilichopita rekodi ya 1964, iliyotokana na mvua kubwa zilizoanza 1961? Wakazi wa Dunga, ufukweni mwa Kisumu, waliona maji yakiingia walikojenga. Anayesimamisha jukwaa la mbao ufukweni aulize kwanza maji ya 2020 yaliishia wapi, kisha aweke mguu wa nguzo kwenye kiatu cha chuma juu ya zege, usigusane na udongo.

Mitumbwi ya Sese, iliyovuka ziwa hili kwa vizazi, ilishonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari hata mmoja. Boriti ya leo hushikwa kwa bolti, na dawa za mbao zenye shaba hula chuma kisichokingwa. Tumia bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Hewa ya Kisumu haina chumvi ya Mombasa, kwa hiyo bolti hizo hudumu zaidi hapa kuliko pwani.