Tupa Isiyo na Safu

Je, wajua kwamba tupa za mbao zinazosifiwa sana na mafundi wa magitaa ni zile ambazo meno yake hayakupangwa kwenye mistari?

Tupa hizo hutengenezwa Ufaransa, na jina linalotajwa mara nyingi ni Auriou, la karakana ya Saint-Juéry kusini mwa nchi hiyo. Fundi huketi mbele ya kipande cha feleji ambacho bado ni laini. Mkono mmoja una nyundo, wa pili una kichongeo chenye ncha kali. Kila pigo huinua jino moja. Hakuna chuma kinachoondolewa. Ncha inazama na kusukuma chuma kijitokeze juu. Anasogeza kichongeo kidogo, anapiga tena, na hivyo hivyo mpaka uso mzima ujae meno. Kisha tupa hupashwa moto na kupozwa ghafla ili iwe ngumu.

Mkono wa binadamu hauwezi kurudia umbali uleule mara mamia, na hapo ndipo thamani ya kazi hii ilipo. Tupa ya kawaida ya mashine ina meno yaliyofuatana kwa safu. Jino la nyuma hupita palepale alipopita mwenzake, hivyo ubao unabaki na mifereji, na meno yakigota mbao kwa pamoja, tupa hutetemeka mkononi. Kwenye tupa ya mkono, kila jino limekaa kando kidogo ya lililotangulia, kwa hiyo linakwangua kituta kilichoachwa. Hata viwanda vilijifunza jambo hili: kampuni ya Nicholson ya Marekani ilipata sifa kwa tupa zake namba 49 na 50, ambazo mashine yake iliziachia meno kwa nafasi zisizolingana.

Shingo ya gitaa ndiyo mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi. Ni kipande chembamba kinachobeba mzigo mkubwa. Nyuzi za nailoni za gitaa la Kihispania huivuta kwa nguvu ya takriban kilo 40. Nyuzi za chuma hufikia kilo 70 na zaidi. Hata hivyo, karibu na kichwa shingo nyingi zina unene wa milimita 20 na ushee tu. Magitaa ya nyuzi za chuma huwa na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo ili isipinde, wazo ambalo Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alilipatia hataza mwaka 1923. Fundi anayechonga kwa pupa anaweza kutoboa ubao akakutana na fimbo hiyo.

Ndiyo maana kazi huanza na zana zinazokula sana, kisha hupunguzwa makali hatua kwa hatua. Kisu cha kuvuta, chenye mpini kila upande, huondoa pembe za ubao kwa maranda manene. Kina kasi, lakini ni mtumwa wa nyuzinyuzi za mti: zikielekea ndani ya shingo, kisu huzifuata na kuchana kipande ambacho hakirudi. Kijiranda chenye vishikio viwili, kama Stanley namba 151, kina utulivu zaidi kwa sababu tako lake dogo huuzuia wembe usizame. Kwenye sehemu ndefu iliyonyooka hakina mpinzani.

Taabu iko kwenye ncha mbili: pale shingo inapopanuka kuwa kichwa, na pale inapoungana na mwili wa gitaa, sehemu inayoitwa kisigino. Mkunjo ni mkali na nyuzinyuzi hubadili mwelekeo ndani ya sentimita chache. Wembe wowote utachana upande mmoja. Tupa haichani, maana kila jino linang'oa chembe ndogo tu. Kwa fundi mwenye fedha za zana moja nzuri, basi, fedha hizo ziende kwenye tupa. Auriou huzipa namba kuanzia 1, yenye meno makubwa, hadi 15, iliyo laini sana. Namba 9 au 10 itafanya sehemu kubwa ya kazi ya shingo. Mwenye mfuko mdogo atafaidika na tupa ya Shinto ya Japani, iliyoundwa kwa vipande vya misumeno vilivyofungwa pamoja: inakula haraka, ingawa ni bapa na haiingii kwenye mkunjo.

Mbao nazo zina tabia zao. Mafundi wa Hispania wamezoea mti wa Cedrela odorata, ambao Tanzania huitwa mwerezi. Ni mwepesi, unanukia na unachongeka kwa urahisi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea mpaka unaisonga miti ya asili.

Baada ya tupa huja bapa jembamba la feleji lenye ukingo uliokunjwa kidogo, linalokwangua alama za meno, kisha msasa. Hapa vidole huongoza kuliko macho. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba kidole kinachopita juu ya uso kinaweza kutofautisha mikunjo yenye kimo cha nanometa 10 hivi, yaani sehemu moja ya laki moja ya milimita. Mpiga gitaa atakigundua kituta ambacho taa ya karakana haikukionyesha.

Anayenunua tupa ya mkono ataulizwa pia anatumia mkono gani, kwa kuwa meno hugongwa kwa mshazari na zipo za kulia na za kushoto. Isitupwe sandukuni pamoja na tupa nyingine, maana meno huvunjana, na unga wa mbao uondolewe kwa brashi ya nywele ngumu, kamwe si ya waya wa chuma.