Rimoti Inaamshaje Kompyuta Iliyolala?

Ukiulizwa rimoti inafanya nini, usiishie kuandika "inawasha kompyuta." Jibu hilo halijitoshelezi. Rimoti yenye betri mbili ndogo haiwezi kutoa umeme wa kuendesha kompyuta. Inachotoa ni taarifa. Nishati ya kuendesha kompyuta inatoka kwenye soketi ya ukutani. Shika tofauti hiyo kwanza.

Chukua mfano wa kompyuta iliyounganishwa na televisheni sebuleni kwa ajili ya filamu. Imelazwa, skrini ni nyeusi na feni imenyamaza. Ukibonyeza kitufe cha rimoti ukiwa umekaa kwenye kochi, inaamka. Fuata hatua hizi:

1. Kitufe kinafunga saketi ndani ya rimoti. Diodi iliyo mbele inatoa mionzi ya infraredi, ambayo kwa kawaida urefu wa wimbi lake ni karibu nm 940. Jicho huona takribani nm 400 hadi 700, ndiyo maana huioni.

2. Mionzi hiyo haitoki mfululizo. Katika rimoti nyingi huwaka na kuzimika karibu mara 38,000 kwa sekunde, yaani kHz 38, kwa mafungu marefu na mafupi. Mpangilio wa mafungu hayo ndio msimbo wa kitufe.

3. Kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta kinapokea mionzi. Jua na taa za moto pia hutoa infraredi, lakini haitetemi kwa kHz 38, kwa hiyo kipokezi huipuuza.

4. Msimbo ukikubalika, kipokezi kinapeleka ishara kwenye ubao mama, nao unaiamuru pawasaplai itoe umeme kamili.

Sasa jiulize: kama kompyuta "imezimika," kipokezi kinapata wapi umeme wa kusikilizia? Jibu ni kwamba haikuzimika kabisa. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani ina njia ndogo ya volti 5 inayobaki hai muda wote plagi ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa imewashwa. Njia hiyo hulisha kipokezi na pia RAM, ndiyo maana kazi uliyoiacha hurudi mara moja. Kompyuta nyingine huhitaji kwanza kuwekewa mpangilio unaoruhusu kipokezi kuiamsha.

Swali la mfano

Kompyuta iliyolala inatumia wati 3. Ikiachwa macho bila kazi inatumia wati 60. Tafuta uniti zinazotumika kwa siku 30 katika kila hali, kisha eleza kwa nini kompyuta iliyochomolewa haiamshwi na rimoti. (Alama 6)

Jibu

Muda = 24 × 30 = saa 720

Ikiwa imelala: 3 × 720 = Wh 2,160 = kWh 2.16, yaani uniti 2.16.

Ikiwa macho: 60 × 720 = Wh 43,200 = kWh 43.2, yaani uniti 43.2.

Kompyuta iliyochomolewa haiamki kwa sababu kipokezi hakina umeme. Mionzi inafika, lakini hakuna saketi hai ya kuigeuza kuwa ishara, wala hakuna chanzo cha nishati cha kuendesha kompyuta.

Zingatia

- Gawanya kwa 1,000 kabla ya kuandika uniti. Kuandika "uniti 2,160" ni kupoteza alama wakati hesabu yako ni sahihi.
- Usiandike kuwa rimoti "inatuma umeme." Andika kuwa inatuma mionzi ya infraredi yenye msimbo.
- Kompyuta iliyolala bado ina umeme ndani, hata kama skrini ni nyeusi. Usifungue kava lake kabla ya kuchomoa plagi. Hili litakufaa kwenye mtihani, na litakufaa zaidi siku utakapoombwa nyumbani uifute vumbi.