Siku moja katika mji wa shaba

Sisi wawili tuliotumwa na chama kwenye mkutano kule Mexico tulipata siku moja ya mapumziko. Wenyeji wetu wakauliza tunataka kuona nini. Tuliposema tunatoka Lubumbashi, kwenye shaba, walicheka: "Basi mwende Santa Clara del Cobre!" Maana yake ni Santa Clara ya Shaba.

Asubuhi tulipanda basi dogo kutoka Pátzcuaro, mwendo wa kilomita 20 hivi. Mji ni mdogo: nyumba nyeupe zenye vigae vyekundu, kanisa, na katikati ya uwanja kibanda chenye paa la shaba. Wapurépecha, watu wa pale, walikuwa wakifua shaba kabla Wahispania hawajafika. Katika miaka ya 1500 askofu Vasco de Quiroga alihimiza kila kijiji kiwe na ufundi wake, na Santa Clara imeshika huu mpaka leo.

Dukani tuliona chungu kidogo cha shaba. Bei ilitushtua, tukaanza kubishana kama tulivyozoea sokoni. Mama mwenye duka hakukasirika. Alituita nyuma, kwenye karakana. Mzee mmoja alitoa donge jekundu katika moto wa makaa, na wanaume wanne wakalizunguka, wakilipiga kwa nyundo kwa zamu, kama sisi tunavyotwanga watatu katika kinu kimoja. Likipoa linarudi motoni. Chungu kizima kinatoka katika donge moja, bila kuungwa popote. Ni kazi ya siku nyingi. Tuliona haya, tukalipa bei aliyoitaja.

Jambo lingine lilitushangaza. Shaba wanayoifua siku hizi nyingi ni nyaya kuukuu za umeme. Na nyundo, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume, sasa wanawake nao wanaishika. Msanii Ana Pellicer ni mmoja wa waliowafundisha.

Mchana tulikula corunda, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Tukakumbuka chikwange, tukakumbuka nyumbani.

Kwetu malori ya shaba yanapita kila siku mbele ya watoto wetu. Wale wanafua nyaya kuukuu na wanasomesha watoto. Lakini tusiseme ya malori tu. Sisi wenyewe tunashona, tunasuka vikapu, tunatengeneza sabuni, halafu mnunuzi akinung'unika kidogo tunashusha bei mpaka hata pesa ya vifaa hairudi. Yule mama hakushusha, alionyesha kazi.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete kitu kimoja kinachouza, na hesabu ya vifaa na ya saa zilizotumika. Chungu chetu kitakuwa mezani. Njooni mkishike, muone uzito wake.