Kutoka Iringaniza hadi Alama za Mtihani: Usawa wa Nafasi katika Shule za Umma za Rusizi, Rwanda

Utangulizi

Makala hii inajadili swali moja: mtoto anayemaliza darasa la sita katika shule ya umma wilayani Rusizi hupangiwaje nafasi ya sekondari, na upangaji huo unamtendea haki kwa kiasi gani? Swali hili laweza kuonekana kuwa la kiutawala tu. Nchini Rwanda haliwezi kuwa hivyo, kwani nafasi ya sekondari ndiyo iliyotumiwa na dola kwa miongo miwili kuwatenganisha watoto kwa asili zao. Hoja yetu ni kwamba baada ya 1994 mlango huo ulifunguliwa kwa wote, lakini njia ya kuufikia haijasawazishwa. Rusizi, iliyozaliwa na mageuzi ya kiutawala ya 2006 kutoka Cyangugu ya zamani, inalidhihirisha jambo hilo kwa visiwa vyake, umaskini wake na lugha zake.

Iringaniza

Utawala wa Kibelgiji uliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika vitambulisho vya miaka ya 1930, na shule yake mashuhuri ya Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare, ikawapendelea wana wa machifu wa Kitutsi. Uhuru wa 1962 uliigeuza mizani hiyo upande wa pili, haukuivunja. Mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa shuleni na chuoni, na utawala wa Habyarimana, ulioshika madaraka Julai mwaka huohuo, ukaurasimisha mgawo ulioitwa iringaniza. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa asili na kwa mkoa, Watutsi wakitengewa takribani kumi kwa mia.

Jina lenyewe lina maana ya kusawazisha. Katika utekelezaji, mikoa ya kaskazini ya Gisenyi na Ruhengeri ilipata zaidi ya fungu lake, na Cyangugu, iliyoko pembeni kusini-magharibi, haikuwa miongoni mwa iliyopendelewa. Kwa hiyo mtoto wa Kitutsi wa Cyangugu alizuiwa mara mbili, kwa asili na kwa mahali, na jirani yake wa Kihutu naye hakusalimika na kizuizi cha pili. Uhaba ndio ulioupa mgawo huu makali yake: katika miaka ya 1980 watoto waliotoka shule ya msingi na kuingia sekondari hawakufika kumi kwa mia. Uteuzi ulifanywa wizarani, na mzazi hakuwa na namna ya kuuhakiki.

Shuhuda za waliosoma enzi hizo hurudia tukio moja. Mwalimu huagiza Watutsi wasimame, kisha Wahutu, na kuna mtoto anayebaki ameketi kwa sababu nyumbani hajaambiwa yeye ni nani. Haifai kusema kwamba rejista ya shule peke yake ilizaa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Hata hivyo, iliwazoeza watu kuona kuhesabiwa kwa asili kuwa kazi ya kawaida ya ofisi, na vitambulisho vilevile ndivyo vilivyokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Alama, na njia ya kuzipata

Asili ikaondolewa kwenye vitambulisho na rejista, na nafasi zikafuata mtihani wa taifa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2003; elimu ya msingi ya miaka tisa ikaja 2009, kisha ya miaka kumi na miwili mwaka 2012. Haya ni mafanikio makubwa, na mtafiti asiyeyakiri hastahili kusikilizwa. Swali la zamani, nani aingie sekondari, limeacha nafasi kwa lingine: aingie sekondari ipi?

Wenye alama za juu hupangiwa shule za bweni. Wengi waliobaki huenda shule ya kutwa iliyo karibu. Tangu Septemba 2022 wizara imeweka mchango wa mzazi kwa muhula kuwa faranga 19,500 kwa sekondari ya kutwa na 85,000 kwa ya bweni. Mtoto maskini aliyefaulu vizuri basi hukabiliwa na tuzo inayomgharimu zaidi ya mara nne ya kile ambacho angelipa kama angefaulu kidogo. Bado hatujataja godoro, sare na nauli.

Alama zenyewe zinatoka wapi? Hapa kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu, kinafundisha mengi. Wakazi wake huzungumza Kihavu, lugha wanayoshiriki na ndugu zao wa upande wa Kongo, na wengi huishi kwa uvuvi. Mwaka 2008 serikali ilitangaza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarejeshwa kwa madarasa matatu ya mwanzo. Mwishoni mwa 2019 ikaamuliwa Kiingereza kianze darasa la kwanza. Mjadala wa kitaifa uliyaona haya kama mashindano ya lugha mbili. Kwa mtoto wa Nkombo lugha zilikuwa tatu, na ile ya nyumbani haikuwa hata katika mjadala. Kule Kamembe, mtoto wa mfanyabiashara aliyeanza Kiingereza katika chekechea ya kulipia hufanya mtihani huohuo. (Kiswahili, kinachosikika sana katika masoko ya Kamembe na Bugarama na kilichopewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, hakimpunguzii yeyote kati yao mzigo huu.)

Chakula cha shuleni kimesaidia zaidi. Katika shule ya msingi mzazi huchangia faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na serikali.

Kuhesabu bila kutaja asili

Hapa ndipo penye ugumu wa kisera. Watwa, ambao lugha rasmi huwaita walioachwa nyuma na historia, hawawezi kuonekana katika takwimu zisizotaja asili. Tukiirudisha safu hiyo, tunairudisha pia rejista ya mwaka 1973. Tunapendekeza kuhesabu kwa mahali na kwa lugha ya nyumbani. Pingamizi lipo na ni zito: iringaniza nayo ilihesabu kwa mahali. Tofauti iwe katika mambo mawili. Ile iligawa nafasi, ikimnyima huyu ili kumpa yule. Hesabu tunayoipendekeza igawe msaada: mwalimu ajuaye Kihavu katika madarasa ya chini, na ruzuku ya bweni kwa kaya zisizoweza. Tena ile ilifanywa kwa siri.

Kwa Rusizi hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Matokeo ya darasa la sita yatangazwe kwa kila shule, Nkombo zikiwemo, pamoja na idadi ya waliopangiwa bweni na, kando yake, idadi ya walioripoti kweli.