Maji Ndani ya Mlango wa Pikapu
Mlango wa pikapu haukuundwa kuzuia maji yasiingie kabisa. Mvua hupenya kwenye mpira wa kioo, hutiririka ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vidogo vya ukingo wa chini. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya kava ya ndani ya mlango huyazuia maji hayo yasifike kwenye viti na zulia.

Shida huanza vitundu vinapoziba.

Vumbi la barabarani likichanganyika na majani makavu huwa tope, nalo hukaa mahali pabaya kuliko pote: kwenye pindo, ambapo bati la nje limekunjwa kulikumbatia la ndani. Hapo rangi ni haba na unyevu haukauki upesi. Mombasa au Tanga, chumvi ya upepo wa bahari huzidisha kasi ya kutu. Rangi inapofanya malengelenge, bati huwa limeshaliwa kutoka ndani. Dalili ya mapema ni sauti ya maji yakichezacheza mlango ukifunguliwa.

Inauma kuona mlango mzima ukipigwa puti kwa sababu ya kijitundu kilichoziba. Na puti hiyo ikiziba vitundu, kutu hurudi. Kijiti cha mbao na maji yasiyo na chumvi hutosha kuvizibua. Mlango ukishakauka, nta ya kupuliza hulinda pindo.