Uji Unaoshikilia Kidonge

Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kimebebeshwa kazi mbili zinazogombana. Kinatakiwa kistahimili mtikisiko wa lori na vidole vya mgonjwa anayekitoa kwenye pakiti, kisha kikishamezwa kisambaratike upesi. Mfamasia wa kiwandani ndiye mpatanishi, na swali lake kubwa ni gundi ipi aitumie.

Parasetamoli yenyewe haimsaidii. Fuwele zake ni ngumu na hunesa: mchi wa mashine ukizishindilia ndani ya kalibu zinatii, ukiinuka zinajitanua tena, na sehemu ya juu ya kidonge hubanduka kama kifuniko cha chungu.

Suluhisho la miaka mingi ni uji. Wanga wa mahindi, viazi au mhogo hukorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha hupikwa mpaka uwe uji wa kunata, mara nyingi wenye wanga asilimia 5 hadi 10. Uji huo hukandwa pamoja na unga wa dawa, mchanganyiko ukapitishwa kwenye chekecheo, na punje zinazopatikana hukaushwa kabla ya kwenda mashineni. Aliyewahi kumpikia mtoto uji anajua unga ukimwagwa ghafla kwenye maji ya moto unavyofanya mabuja. Kiwandani, mabuja hayo huzaa vidonge vigumu huku na vilegevu kule. Tena uji haulazwi. Hupikwa ukatumika ukiwa mpya, maana vijidudu huupenda.

Ajabu ni kwamba wanga ule ule ukitiwa mkavu, bila kupikwa, hufanya kazi kinyume kabisa: hunyonya maji, huvimba na kukipasua kidonge kutoka ndani. Mhogo mmoja waweza kutoa kinachofunga na kinachofungua. Ustadi wote umo katika kipimo.

Kipimo hicho hujaribiwa. Vidonge hutiwa kwenye ngoma inayozunguka mara 100 kwa mwendo wa mizunguko 25 kwa dakika, na visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito. Kisha vinatumbukizwa kwenye maji ya nyuzijoto 37. Kwa kanuni za Uingereza, kidonge cha kawaida kisichopakwa ganda kiwe kimevunjika ndani ya dakika 15. Gundi ikipungua, ngoma inakikataa. Ikizidi, maji yanakikataa, na kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa kidonge kinapendeza machoni huku dawa imefungiwa ndani.

Gundi nyingine zipo. Jelatini hunata vizuri, lakini hutokana na wanyama, nguruwe wakiwamo, na Mwislamu ana haki ya kuuliza. Aspirini haipatani na maji: ikipata unyevu huchanganuka na kunuka siki. Hiyo hushindiliwa kavu, mara nyingi pamoja na selulosi itokanayo na miti.

Wanaodhani viambato hivi ni vya kujazia tu wakumbuke Australia mwaka 1968. Katika dawa ya kifafa iitwayo fenitoini, kijazi cha kalsiamu salfeti kilibadilishwa kikawekwa laktosi. Dawa ikaanza kuingia mwilini kwa wingi kuliko awali, na wagonjwa wakaonyesha dalili za sumu, ilhali dozi waliyomeza ilikuwa ile ile ya siku zote.