Kesi ya Ardhi Isifichwe Katika Faili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Naona kwamba methali hii inahusu kesi za ardhi sawa na inavyohusu mali yenyewe. Wengi wetu huamini kwamba mara tu kesi inapofunguliwa mahakamani, shamba linalogombaniwa haliwezi kuuzwa tena. Imani hiyo imewaponza wengi.

Ukweli ni kwamba faili ya kesi hukaa mahakamani, ilhali sajili ya ardhi hukaa kwa msajili. Mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba ili anunue ploti akiipekua sajili, huliona jina la mwenye hati, asione kesi. Hulipa, akajenga. Hukumu inapotolewa, mlalamishi na mnunuzi hugeuka mahasimu, naye muuzaji keshatokomea na fedha.

Ipo kanuni kongwe ya sheria iitwayo kwa Kilatini lis pendens, yaani kesi ingali inaendelea. Anayenunua ardhi inayobishaniwa mahakamani hufungwa na hukumu itakayotolewa. Mahakama ya Uingereza iliifafanua mwaka wa 1857 katika kesi ya Bellamy na Sabine. Kwetu iliingia kupitia sheria ya Kihindi ya mwaka wa 1882. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2012, lakini mahakama zetu zimeendelea kuitambua kanuni yenyewe. Hata hivyo, Waingereza walikuwa wameshatambua tangu 1839 kwamba si haki kumfunga mnunuzi asiyejua lolote, wakaagiza kesi za aina hii ziandikishwe.

Sheria yetu ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 haikutuacha mikono mitupu. Mwenye dai anaweza kuweka ilani ya tahadhari kwa msajili, naye msajili humjulisha mwenye hati. Mahakama nayo yaweza kutoa amri ya kuzuia uhamishaji, amri hiyo ikaandikwa katika sajili. Lakini haya yote humngoja mlalamishi ajue, aombe, tena awe na wakili. Mjane wa kijijini atajuaje?

Ndiyo maana napendekeza kwamba karani wa mahakama alazimishwe kumpelekea msajili taarifa siku ile ile kesi ya umiliki inapofunguliwa, na taarifa nyingine inapomalizika.

Wapo watakaosema kwamba wakorofi watafungua kesi za uongo ili kuwafungia wenzao biashara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata leo, anayeweka tahadhari bila sababu ya haki anaweza kuamriwa kulipa fidia. Adhabu kama hiyo na iwaandame pia wenye kesi za uongo, na hakimu apewe uwezo wa kuifuta taarifa upesi. Ilani iliyo wazi hupingwa hadharani. Kesi iliyofichika humwumiza asiye na hatia.

Enyi walimu, wafundisheni vijana kwamba kuuliza si ujinga. Kabla ya kununua, na wapekue sajili, wawaulize majirani, kisha waulize katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwaka wa 2023 Mahakama yetu ya Juu ilisisitiza kwamba hati peke yake haitoshi endapo asili yake ina dosari. Karatasi nzuri haimlindi aliyefumba macho.